Siku Kisigino Alipoombwa Akae

Watu wa kazi yake walimwita Kisigino, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila alipofika mahali, kabla hata hajasalimia, aliinua mguu wa kulia, akaipiga ardhi kwa kisigino mara mbili, akakandamiza kidogo na kusikiliza. Alifanya hivyo kwenye viwanja vya mpira, kwenye nyua za shule, makaburini, na hata sebuleni kwa watu, ambako sakafu ni ya vigae na hakuna mwenye akili timamu angefikiria kupigilia kigingi. Mkewe alishachoka kumtetea. Wageni wakiuliza mzee ana nini mguuni, alijibu kwamba hana kitu, anabisha hodi tu.

Kazi yake ilikuwa kusimamisha mahema ya shughuli, yale makubwa meupe yanayokodishwa kwa siku moja au mbili. Aliingia kwenye kazi hiyo akiwa mbeba turubai na akapanda mpaka kuwa fundi ambaye wenzake walimwogopa, maana alikuwa radhi kuibomoa kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya kigingi kimoja kilichoegemea upande usiotakiwa. Wao walidhani hema ni nguzo na kitambaa. Yeye alisema hema ni ardhi, hayo mengine ni mavazi.

Na akianza kuzungumzia ardhi, tafuta pa kukaa. Udongo wa mfinyanzi ukilowa, alisema, unameza kigingi kwa pigo moja na utakitapika kwa upepo mmoja, kwa hiyo usichekelee, weka virefu na uweke viwili viwili. Changarawe ngumu itobolewe kwanza kwa mtaimbo, ukiilazimisha utapinda chuma na kuteguka mkono. Mchangani kigingi ni pambo tu. Pale unachimba shimo, unalaza gunia lililojaa mchanga, unalifunga kamba kiunoni na kulifukia, kisha upepo ukitaka kulivuta uvute na uwanja wote. Mnafiki kuliko wote ni udongo wa kujazia, ambao juu umeshindiliwa vizuri na nyasi zimeota, kumbe chini ni takataka na hewa. Na penye lami au matofali ya kupanga hupigilii kitu, unafunga miguu ya hema kwenye uzito.

Uzito wa Kisigino ulikuwa mapipa ya maji. Yale ya plastiki ya buluu, lita mia mbili, yakijaa yana kilo mia mbili na hayahitaji kubebwa yakiwa mazito. Unayaleta matupu na kuyajaza palepale. Tabu ilikuwa kuyamwaga baada ya shughuli, kwani kulipindua pipa lililojaa kulishawavunja migongo vijana wengi. Basi siku moja akayatoboa yote chini na kuyatia bomba. Ukimaliza kazi unafungua, unakwenda kunywa chai, ukirudi pipa ni jepesi. Alijivunia hayo mabomba kuliko kitu chochote alichowahi kubuni, na kusema kweli hakuwahi kubuni kingine.

Wasiwasi wake hakuzaliwa nao. Akiwa na mwaka wa pili kazini walisimamisha hema kwenye mchanga kando ya mto, na msimamizi akamwambia vigingi vifupi vinatosha, ni shughuli ya saa mbili tu. Saa ya kwanza haikwisha. Upepo ulilinyanyua hema, ukalitembeza hatua tatu na kulilaza juu ya wanakwaya waliokuwa wamekaa mbele. Walitambaa mmoja mmoja wakatoka wazima, isipokuwa msichana mmoja aliyetoka wa mwisho, mtulinga wa bega la kushoto umevunjika, akiporomosha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa na akitaka kujua ni nani aliyepigilia vile vigingi. Msimamizi aliangalia mawingu. Kisigino akanyoosha mkono. Alimpeleka hospitali, kesho yake akarudi na machungwa, keshokutwa akarudi tena, na miezi tisa baadaye wakaoana. Mpaka leo baridi ikiingia bega lile linamuuma mkewe, na mumewe akimwona analisugua hukosa pa kuweka macho.

Tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona Kisigino amekaa chini ya turubai kwa zaidi ya dakika kumi. Miguu ilimwasha. Kwenye harusi yake mwenyewe alinyanyuka katikati ya nasaha za wazee, akarudi na tope kwenye magoti ya suti. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na alimpenda kupita kiasi, lakini hakuwahi kuona jambo lake lolote likafika mwisho. Binti alipoimba peke yake siku ya wazazi shuleni, baba alikuwa nje akigombana na mtu aliyefunga kamba ya hema kwenye gari lililoegeshwa, akimuuliza gari likiondoka itakuwaje. Binti alipopewa zawadi ya kwanza ya hesabu, baba alisikia makofi kutoka nyuma ya turubai, naye akapiga, nyundo ikiwa kwapani. Mtoto akirudi nyumbani alimwambia, "Ulipendeza sana, mwanangu," na mtoto alijua kwamba hajui amevaa nini.

Sasa binti amekua na amemaliza chuo cha uuguzi, na wenzake wamemchagua awe msemaji wao siku ya mahafali. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja nyumbani, akamkuta baba yake jikoni anafuma mwisho wa kamba uliofumuka, akavuta kigoda.

"Baba, nina ombi moja tu."

"Sema, mwanangu."

"Siku hiyo ukae. Usikague kamba, usipige kisigino, usitoke nje. Ukae kwenye kiti mpaka nimalize kusema. Ni dakika nane, nimezipima."

Kisigino akasema dakika nane si kitu. Mkewe, aliyekuwa akiosha vyombo, alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Lakini yeye aliapa, na alimaanisha, kwa sababu binti hakuomba kwa kudeka. Aliomba kama mtu anayejaribu kwa mara ya mwisho kabla ya kuamua kuzoea.

Jambo lililomnyima usingizi ni kwamba hema la siku hiyo lilikuwa la kwao. Mgongo ulipoanza kumsumbua alimwachia kazi shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alimfundisha mwenyewe, na chuo kilimwita huyo shemeji. Kisigino alitaka kujua uwanja ni wa namna gani. Akaambiwa nusu nyasi, nusu matofali. Akauliza nyasi ziko juu ya nini. Mkewe akamnyang'anya simu, akamwambia mdogo wake asipokee tena namba hii mpaka mahafali yapite.

Siku ikafika. Kisigino alivaa suti na tai iliyomkaba, akafika getini na mkewe saa tano asubuhi. Binti alikuwa anawasubiri amevaa sare nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka, na badala ya kumtazama baba yake usoni alimtazama viatu. Uwanja ulikuwa mbele yao, hema limesimama, upande mmoja kamba zinashuka kwenye nyasi, upande mwingine miguu imefungwa kwa mikanda kwenye mapipa sita ya buluu juu ya matofali. Zile nyasi zilikuwa na mabonde mabonde, na Kisigino akajua papo hapo kwamba pale palikuwa na jengo likabomolewa. Mguu wa kulia ukaanza kunyanyuka wenyewe.

"Baba," binti akasema.

Akajifanya ana kijiwe kwenye kiatu. Kutoka hapo mpaka kitini alitembea kwa vidole, kama mwizi.

Walimweka safu ya pili, mwisho kabisa upande wa matofali, mkewe kando yake na mkono wake juu ya goti la mumewe, mkono uliotulia lakini ambao haukuwa wa mapenzi tu. Kutoka pale aliuona mguu wa hema wa kona na pipa lake. Mkanda ulikuwa umekazwa sawasawa, na shemeji alikuwa ameongeza vigingi upande wa nyasi, viwili viwili, virefu. Kijana alishika alichofundishwa. Kisigino akashusha pumzi na kujaribu kusikiliza.

Walihutubia watu watano, kila mmoja akisema hatachukua muda mrefu. Kisigino alikaa. Alikaa dakika kumi, akakaa ishirini, jasho likamteremka chini ya tai, akakaa arobaini. Mkewe akamnong'oneza kwamba akiendelea hivi ataolewa naye upya. Alicheka kidogo, na kwa muda mfupi alihisi kwamba labda jambo hili linawezekana, labda mtu anaweza kukaa chini ya kitambaa kama watu wengine na kupunga programu usoni.

Upepo ulianza baada ya saa sita. Turubai likaanza kuvuta pumzi na kushusha. Kisigino alipiga hesabu kichwani bila kutaka: mapipa sita, kilo mia mbili mia mbili, upepo wa kawaida wa mchana, hakuna neno. Kisha akaona mwanga chini ya mguu wa kona. Upana wa kidole. Mguu ukashuka, ukatua kwenye matofali taratibu. Akajiambia macho yake yamezeeka. Upepo ukarudi, na mguu ukanyanyuka tena, na safari hii pipa lilisogea nao.

Pipa la kilo mia mbili halisogei hivyo.

Ndipo msemaji wa wahitimu akaitwa. Binti alipanda jukwaani, akakunjua karatasi, akainua macho na kuwatafuta. Aliwaona. Alimwona baba yake amekaa, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo Kisigino hakuwa ameiona tangu binti akiwa na meno ya utotoni. Akaanza kuwasalimia wageni kwa vyeo vyao.

Kisigino akakaza mikono kwenye kiti. Alimsikia akitaja mkuu wa chuo, alimsikia akitaja walimu. Mguu ulinyanyuka vidole viwili. Juu yao kabisa palipita bomba la chuma linaloshika paa, na chini ya bomba hilo alikuwa amekaa mkewe na bega lake.

"Nakuja," alisema kwa sauti ya chini.

Mkono ukabana goti. "Usithubutu."

"Pipa ni tupu."

Mkono ukaachia. Miaka yote aliyoishi naye, mkewe alijua maneno gani ya mumewe ni wasiwasi na yapi si wasiwasi. Kisigino alimwambia asogee taratibu, aende safu za katikati, asiwashtue watu, kwani wakishtuka watakimbilia upande mmoja na kuziangusha nguzo wao wenyewe. Mkewe hakusogea.

"Nikiondoka na mimi," alisema, macho yakiwa jukwaani, "atamwona nani?"

Basi Kisigino alinyanyuka, akainama, akatoka chini ya ukingo wa turubai bila kugeuka nyuma. Sijui kama angeweza kutoka kama angegeuka.

Nyuma ya turubai palikuwa na jiko la shughuli, masufuria yamerundikana na wanawake wanaosha sahani. Akaligonga pipa la kona kwa vidole na likalia kama ngoma. Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja. La pili vilevile. Mpishi mkuu, mwanamke mwenye mwili wake, alimweleza kwa furaha kwamba maji ya chuo yalikatika tangu alfajiri, wangeaibika leo, lakini Mungu ampe maisha marefu aliyewaza kuleta maji kwenye mapipa yenye bomba.

"Aliyewaza ni mimi," Kisigino alisema, na kabla hajamaliza upepo ulipiga, mguu ukaruka, na yeye akaudaka mkanda kwa mikono miwili.

Aliuzungusha kiunoni, akakita visigino kwenye matofali, akalala nyuma kwa uzito wake wote, ambao kwa bahati mbaya haukuwa mwingi. Akamwambia mpishi mkuu aukumbatie mguu wa pili na asiuachie hata akiitwa na mama yake. Mpishi alikuwa na maswali, lakini alipoona chuma kinapanda mbele ya macho yake aliyameza, akaukumbatia. Wenzake wawili wakatumwa mbio upande wa nyasi kumtafuta shemeji, wamwambie mapipa yamenywewa, alete mifuko ya saruji kutoka kwa mafundi wanaojenga nyuma ya bweni.

Sasa Kisigino alikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti chake, na hakusikia kitu. Turubai lilipiga sikioni mwake bila kupumzika. Alitambua sauti ya binti yake, ikipanda na kushuka kule ng'ambo, lakini neno hata moja halikupita. Alisikia watu wakicheka, akajua amesema jambo la kuchekesha. Wakanyamaza, akajua amesema jambo zito. Mkanda ulikuwa unamkata viganja, na hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa ameziweza dakika arobaini za watu wasiomhusu, na zile nane za mwanawe zilikuwa zinapita. Alilia, na mpishi mkuu alikuwa na adabu ya kutazama masufuria.

Makofi yalipolipuka alijua yamekwisha. Watu wakaanza kutoka kwenda kupiga picha. Mifuko ya saruji ilikuwa bado haijafika.

Binti alikuja kwa kuzunguka jukwaa, karatasi mkononi, akitembea upesi kama anayekwenda kugomba. Alisimama mbele yake.

"Dakika nane, Baba."

 Upepo ulijibu badala ya Kisigino, ukamnyanyua visigino kutoka kwenye matofali, ukamrudisha. Binti akatazama mguu wa hema, akatazama pipa na bomba lake, akatazama mpishi mkuu aliyekumbatia chuma amefumba macho. Kisha akatazama viganja vya baba yake, maana hiyo ndiyo kazi aliyosomea, na hasira ikakosa mahali pa kukaa, ingawa haikuondoka.

"Sikusikia hata neno moja," Kisigino alisema. "Nisomee."

"Hapa?"

"Siwezi kuondoka."

Maneno hayo hayakuwahi kutoka kinywani mwake, na wote wawili walilijua hilo. Mpishi mkuu akafumbua jicho moja, akasema hata yeye hakusikia, asome tu.

Akasoma, kwa sauti ya juu ili ishinde turubai. Alisimulia zamu ya kwanza wodini, alipomwamsha mgonjwa aliyelala fofofo ili ampe dawa ya usingizi, na mpishi mkuu akacheka mpaka chuma kikatikisika. Alisimulia mzee aliyefariki amemshika mkono. Aliwashukuru walimu. Akafika kwa mama yake, akasema huyo hakukosa hata siku moja na hakuondoka hata mara moja kabla ya mwisho. Halafu akakohoa, na akaendelea na ahadi za wahitimu.

"Umeruka," baba yake alisema.

"Sijaruka. Hapakuandikwa kitu."

Alimgeuzia karatasi. Baada ya jina la mama palikuwa na mistari miwili mitupu.

"Nilisema nikifika hapo nitainua macho. Nikikuona umekaa, nitasema bila karatasi." Aliigusa ile mistari kwa kidole. "Nikainua macho."

Kisigino aliutazama ule uwazi. "Ungesema nini?"

"Ningesema, na baba yangu yupo pale." Akaikunja karatasi. "Basi. Ni hayo tu."

Shemeji alifika na watu sita na mikokoteni miwili, jasho likimtiririka, akiomba radhi kwa kila aliyemwona. Walirundika saruji miguuni mwa zile nguzo mbili, wakakaza mikanda, shemeji akamwambia Kisigino aachie, sasa inatosha. Vidole havikukubali kufunguka. Binti aliviachanisha kimoja kimoja, akitafuta palipochanika.

Yalibaki mapipa manne, na shemeji na watu wake wakaanza kuyaelekea. Kisigino aliona kwamba wanaanza na lile lisilotakiwa kuanzwa nalo. Mwili wote ukamgeukia huko. Watu walishatoka chini ya hema, upepo ulishapungua, na bado mguu wa kulia ulikuwa umeshatangulia hatua moja.

"Nenda tu, Baba," binti alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole wa muuguzi, kama anavyoambiwa mtu asiyetarajiwa kupona.

Hapo ndipo alipoogopa, kuliko alivyoogopa upepo. Aliurudisha mguu. Akaivuta chini suruali ya suti, akakaa juu ya mifuko ya saruji, vumbi likampanda mpaka kwenye tai, akaviweka viganja vilivyochanika juu ya magoti ili visishike kitu.

"Anza mwanzo," alisema.

Binti alimtazama kuona kama anatania. Kisha akaikunjua karatasi, akawasalimia wageni waheshimiwa kwa vyeo vyao, mkuu wa chuo, walimu, wazazi. Kule mbali shemeji aliita, akaita tena, akiuliza mkanda wa pipa la tano upitishwe wapi, na hakuna aliyemjibu. Binti akasimulia wodi, akasimulia mzee, akamshukuru mama. Alipofika kwenye mistari miwili mitupu aliinua macho, na baba yake alikuwa amekaa.